Baba kupasuliwa mgongo na "felo": huyo si mwanafunzi, dada yangu

Dada yangu wa Makorora, assalaam alaikum, na poleni sana hapo nyumbani. Swali lako nimelisoma mara mbili ili nisikujibu juu juu. Baba ana miaka 61, diski ya kiunoni imebana mshipa wa fahamu, mguu wa kulia unaburuta, ameandikiwa upasuaji Dar. Bingwa kawaambia kuwa atakayefanya naye kazi ni felo wa upasuaji wa mgongo, na wajomba wamekaa kikao wakasema baba si mtu wa kujifunziwa. Umetafuta wasifu wa huyo daktari, umekuta digrii, mwaka mmoja nje ya nchi na tafiti saba, hujui uusomeje. Na kwa kuwa ubingwa wake ni wa ubongo na mishipa ya fahamu, bibi anauliza daktari wa ubongo anatafuta nini kiunoni.

Nimekuwa muuguzi wa thieta, yaani chumba cha upasuaji, Dar miaka 11, sehemu kubwa kwenye meza ya mgongo, kabla sijarudi Tanga kumuuguza mama. Mafelo nimewapa vyombo mikononi, wa kwetu na wa kigeni. Kwa hiyo nitakueleza nilichokiona.

Felo ni mtu aliyekwisha kuwa mpasuaji. Kuna daktari tarajali, kuna rezidenti anayesomea ubingwa, kuna bingwa. Felo yuko baada ya hapo: amemaliza ubingwa, sasa anakaa mwaka mmoja au zaidi akifanya jambo moja tu, mgongo, asubuhi hadi jioni, chini ya mbobezi. Wajomba wamesikia "anajifunza" wakamwona kijana aliyetoka shule juzi. Wahesabieni miaka. Marekani mtu anasoma digrii ya kwanza miaka 4, udaktari miaka 4, urezidenti wa upasuaji wa ubongo na mishipa ya fahamu miaka 7, ndipo mwaka wa ufelo. Aliyeanza chuo na miaka 18 anaufikia akiwa na 33. Wapo pia wanaouingiza ndani ya ile miaka 7, kwa utaratibu maalumu. Kwetu ni udaktari miaka 5, mwaka mmoja wa utarajali, mara nyingi kazi mkoani kwanza, kisha ubingwa kwa njia ya chuo kikuu au kwa njia ya COSECSA, chuo cha wapasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini kilichoanzishwa 1999, makao yake Arusha. Hiki hakina majengo ya madarasa. Mtu anasomea hospitalini anakofanya kazi, kila upasuaji anauandika kwenye daftari lake, na mtihani wa mwisho ni mmoja kwa nchi zote wanachama. Mkiona FCS kwenye wasifu wake, ndicho cheti cha njia hiyo ya COSECSA.

Swali la bibi ni zuri kuliko anavyodhani. Upasuaji wa mgongo una milango miwili tangu mwanzo. Mwaka 1934 huko Boston, William Mixter, mpasuaji wa mishipa ya fahamu, na Joseph Barr, mpasuaji wa mifupa, waliandika pamoja kuonyesha kwamba maumivu yanayoshuka mguuni mara nyingi hutokana na diski iliyopasuka na kubana mshipa. Ndio ugonjwa wa baba hasa. Na mpaka leo wanaingia kwa milango hiyohiyo miwili. Aliyetoka kwenye mifupa anakuja na mkono mzuri wa skrubu, vyuma na mgongo uliopinda. Aliyetoka kwenye mishipa ya fahamu anakuja na mkono wa darubini, amezoea kugusa kitu laini ambacho ukikivuta kidogo tu mtu anaamka na ganzi. Ufelo unamjaza kila mmoja nusu aliyoikosa. Kwa diski ya baba, huyu wa mishipa ya fahamu yuko kwenye kazi aliyoizoea tangu urezidenti. Ingekuwa ni kunyoosha kibiongo cha kuzaliwa ningewaambia muulize zaidi.

Sasa hizo tafiti saba. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nikiziona kama mapambo ya wasifu mpaka yalipomfika mjomba wangu.

Mjomba alikuwa mkwezi wa minazi huko Tongoni. Ijumaa moja alasiri akaanguka akitua nazi, akaangukia makalio. Wamemwinua, wamemkalisha kiti cha mbele cha gari, ndivyo alivyosafirishwa. Hospitali ya kwanza, siitaji, ikamlaza siku mbili bila mtu kumpima miguu hata mara moja. Jumatatu asubuhi akafika Dar kazini kwetu, na aliyempokea ni felo. Nilitegemea aombe picha kama wengine. Yeye akauliza: "Alianguka saa ngapi? Vidole vya miguu alivichezesha mara ya mwisho lini?" Hakuna aliyejua. Akasisitiza tupige simu nyumbani. Mtoto aliyekuwa akiokota nazi siku ile ndiye aliyesema kwamba pale chini ya mnazi, mjomba alikuwa akitikisa kidole gumba cha mguu wa kushoto.

Kisha akatutoa nje, akavuta pazia, akampima mpaka sehemu za haja kubwa. Mjomba aligeukia ukutani kwa aibu, mtu mzima na mvi zake. Felo akamweleza taratibu kwa nini: ngozi ya pale ikiwa bado inahisi mguso, uti wa mgongo haujakatika kabisa, hata kama miguu imelala. Ilikuwa inahisi. Kuna kipimo cha herufi, A hadi E, ambapo A ni aliyepoteza kila kitu chini ya jeraha na E ni mzima. Kumbe mjomba, ambaye karatasi yake ya rufaa ilisema amepooza, hakuwa A. Jioni ileile akaingia thieta.

Baadaye ndipo nikajua kuwa andiko la ubingwa la daktari yule lilihusu saa zinazopotea kati ya ajali ya mgongo na meza ya upasuaji. Alikaa miezi kwenye chumba cha mafaili akisoma majalada ya watu wa bodaboda na watu walioanguka mitini. Aliuliza saa kwa sababu alishawaona wengi waliopoteza miguu njiani. Na alikuwa akijua vizuri utafiti uliochapishwa 2012, ulioongozwa na Michael Fehlings wa Toronto, wa wagonjwa 313 walioumia uti wa shingoni: baada ya miezi 6, waliopanda ngazi mbili au zaidi za kile kipimo walikuwa asilimia 19.8 kwa waliopasuliwa kabla ya saa 24, na asilimia 8.8 kwa waliocheleweshwa. Mjomba saa 24 zilishampita, na jeraha lake halikuwa la shingo. Lakini felo alisema hata hivyo hatuna ruhusa ya kuongeza siku nyingine.

Thieta, kisu kilikuwa mkononi mwa felo, bingwa akiwa upande wa pili wa meza. Kabla ya kuchana alihesabu pingili kwa eksirei kuanzia chini, akazihesabu tena kuanzia juu, akamwomba bingwa ahesabu. Kukosea pingili moja ni rahisi kuliko watu wanavyofikiri. Leo mjomba anatembea kwa fimbo, anakwenda msikitini kwa miguu yake. Kukwea kumeisha.

Kwa hiyo ukisoma tafiti za huyo daktari, usihesabu idadi. Angalia jina lake liko wapi: wa kwanza kwenye orodha ndiye kwa kawaida aliyebeba kazi, wa mwisho ni mkubwa wao, aliye katikati ya majina kumi na tano huenda alisaidia tu. Angalia aliuliza nini. Wapo waliofanya maabara, kupima skrubu inashika kwa nguvu gani kwenye pingili za maiti. Wapo waliofuatilia wagonjwa baada ya upasuaji, na hao kwangu wana thamani kubwa, maana wamekutana na wale waliorudi bila nafuu. Na utafiti mwingine unamfundisha mpasuaji kuweka kisu chini. Kifua kikuu cha mgongo ni mfano. Majaribio ya Waingereza yaliyoanza miaka ya 1960 huko Korea na Bulawayo yalionyesha kwamba wengi hupona kwa dawa huku wakitembea, bila kulazwa miezi wala kufungwa plasta. Nilimwona felo mmoja akimrudisha mama wa Muheza nyumbani na vidonge, wakati ndugu walishauza ng'ombe kwa ajili ya upasuaji. Walimkasirikia. Mama alipona.

Jambo moja la kuangalia kwa makini ni ule "mwaka mmoja nje". Kuna ufelo, na kuna kwenda kutazama. Vyote vinatoa cheti kizuri. Kutazama kuna faida yake, hata kozi za siku tatu nne zina faida, lakini mtazamaji hashiki kisu. Muulizeni kwa adabu: "Daktari, kule ulikuwa unapasua au unatazama?" Aliyepasua hakasiriki, atawaambia na idadi.

Wajomba pia waambie hili si jambo la kujaribia watu wa Tanga. New York mgonjwa wa mgongo hukutana na felo vilevile. Na milango iko wazi kwa pande zote: Roger Härtl, mpasuaji wa mgongo wa Weill Cornell huko New York, amekuwa akishirikiana na wapasuaji wa MOI, Taasisi ya Mifupa Muhimbili, kwa miaka mingi, wa kwao wakija Dar na wa kwetu wakienda kwao.

Umeuliza mwisho kama baba asaini. Mimi ningesaini baada ya maswali matatu. Bingwa atakuwepo mezani tangu kuchana hadi kushona, au atapita tu? Felo amefanya diski ngapi za aina hii kwa mkono wake? Na kwa nini ya baba isisubiri, maana diski nyingi hutulia zenyewe baada ya wiki kadhaa? Kwa la tatu nadhani watawajibu kwamba mguu unaoburuta ni sababu nzito, na mimi nakubaliana nao, lakini mlisikie kwao. MRI yote muibebe, picha zenyewe na si karatasi ya majibu peke yake.

Wakati mkisubiri tarehe, kila siku muulizeni baba, hata kama anaona haya: mkojo unatoka sawasawa? Sehemu za siri na kati ya mapaja kuna ganzi? Akisema mkojo umegoma au unatoka bila yeye kujua, au kuna ganzi pale, tarehe ya Dar iacheni. Mpelekeni hospitali ya Bombo hapo Tanga usiku huohuo, mkasema neno hilo la mkojo mlangoni kabla ya neno la mgongo.