Usimfundishe Mtoto "Afrika Magharibi", Mfundishe Ghana

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia kutoka Mwanza. Ameolewa na Mghana, watoto wanakua na Kisukuma cha bibi na Kiswahili cha mtaani, upande wa baba yao hawajui kitu. "Dada, nianzie wapi?" Namjibu hapa hadharani kwa sababu najua hayuko peke yake, na kwa sababu jambo hili limenigusa nyumbani kwangu.

Mume wangu ni Mwashanti wa Kumasi, huko Ghana, tunaishi Dar. Mwaka fulani shule ya watoto iliandaa maonyesho ya nchi za Afrika, mwanangu wa kwanza akapangiwa Ghana. Alifurahi mno. Siku yenyewe ikafika, akavalishwa ngozi ya chui ya bandia, akapewa mkuki wa plastiki, na kipaza sauti kikatangaza: "Huyu katoka huko kwa Wanaijeria." Ukumbi ukacheka. Baba yake alikuwa kando yangu na mfuko wenye kente, kitambaa cha kwao, aliyoibeba ili mtoto avae. Hakuutoa mfuko ule mapajani mpaka tunaondoka. Bado linaniuma, sitadanganya.

Kwa hiyo, mdogo wangu, muulize kwanza mumeo ni mtu wa wapi ndani ya Ghana. Mga wa Accra, Muewe wa upande wa Volta na Mdagomba wa Tamale hawali sawa, hawavai sawa wala hawasherehekei sawa. Chagua kona moja, ya baba yao, ukae hapo muda mrefu. Bendera na mji mkuu watavipata darasani.

Sisi tulianza na majina. Kwa Waashanti, siku ya kuzaliwa inampa mtoto jina: wa kiume wa Ijumaa ni Kofi, wa Jumamosi ni Kwame; wa kike wa Jumamosi ni Ama, wa Alhamisi ni Yaa. Watoto wa Pwani hawashangai hata kidogo, kwani darasani mwao wamejaa akina Juma na Mwanahamisi. Ndipo unapowaambia kwamba Kwame Nkrumah, aliyeiongoza Ghana kupata uhuru tarehe 6 Machi 1957, ni mtoto wa Jumamosi, na Kofi Annan wa Umoja wa Mataifa ni wa Ijumaa. Wakubwa wale wanageuka watu wa nyumbani.

Kisha bao. Ghana wanacheza oware, mashimo kumi na mawili, kete 48, nne kila shimo. Kata trei ya mayai, bakiza safu mbili za vishimo sita, tumia komwe au maharage. Kete yako ya mwisho ikifikisha mbili au tatu kwenye shimo la mwenzako, unazila. Ila mwenzako akiishiwa kete kabisa, unalazimika kucheza namna ya kumfikishia chakula, kama upo uwezekano. Mwanangu wa pili alikasirika sana aliposikia kanuni hiyo. Baba yake akaanza kumsimulia bibi yake wa Kumasi anavyopakulia majirani, na hiyo jioni tukajifunza mambo ya ukoo ambayo hata mimi nilikuwa sijayasikia.

Hadithi zianze kwa "Paukwa!" kama kawaida, maana Ananse buibui ni ndugu yake Sungura. Alizitaka hadithi zote za dunia kutoka kwa Nyame, mungu wa mbinguni, akatajiwa bei: chatu, chui na mavu. Mavu aliwamwagia maji, akajimwagia na mwenyewe, akawaita waingie kwenye kibuyu wasilowe na mvua, kisha akaziba mdomo wa kibuyu. Tumeigiza kipande hiki kwa beseni na dumu mpaka sebule ikalowa.

Chakula mnakijua, ni fufu: muhogo na ndizi mbichi vichemshwe, vitwangwe kwenye kinu, mchuzi wa karanga pembeni, mkono wa kulia. Fufu haitafunwi, inamezwa.

Na kente, jamani, mwacheni mtoto aishike. Apitishe kidole aone mishono: kitambaa kizima kimeungwa kwa vipande vyembamba, kila kimoja kimefumwa kwa mkono, kazi ambayo mji wa Bonwire karibu na Kumasi unasifika nayo. Mzazi unayesoma hapa, wa Ghana au si wa Ghana, usikubali utamaduni wa mtu uletwe kwa mwanao kama vazi la kuchekesha. Simama useme. Mwalimu ni mlezi mwenzako, anasahihishwa kwa heshima, lakini anasahihishwa.

Ngome ya Elmina, kwenye pwani ya Ghana, isubiri. Wareno waliianza mwaka 1482, na baadaye watu waliuzwa utumwani kupitia vyumba vyake. Mtoto aijue akishakuwa na watu anaowapenda katika nchi ile. Mkubwa wangu tulimweleza akiwa darasa la sita, baada ya kumpeleka Mombasa akaona Fort Jesus, ambayo nayo ni ya Wareno, na maswali aliyauliza mwenyewe.