Karatasi za siri zikivuja, mbona wote wanamtafuta aliyevujisha?

Toleo lililopita niligusia kidogo tu habari ya Jack Teixeira, yule dogo wa Marekani aliyepigwa miaka 15 jela kwa kumwaga siri za jeshi mtandaoni, nikasema kwa maoni yangu kelele zote zilikuwa za yeye na si za kilichoandikwa kwenye zile karatasi. Basi meseji zikamiminika, wengine mmenipongeza, wengine mmeniita mtetezi wa wasaliti, poa tu. Nimechukua maswali yaliyojirudia, mengine nimeyakata maana yalikuwa marefu kama hotuba ya bajeti.

SWALI: Kaka habari za kazi. Mi sielewi, huyo dogo alikuwa na miaka 21 tu, siri za vita vya Ukraine alizipataje? Au alikuwa shushushu?
Msomaji, Tabora

JIBU: Hakuwa shushushu wala nini, alikuwa fundi. Alikuwa kwenye kikosi cha anga cha Walinzi wa Taifa jimbo la Massachusetts, kambi ya Otis, kazi yake kuhakikisha mitambo ya kompyuta na mawasiliano haizimi. Sasa fundi wa mitambo inayopitisha siri lazima naye apewe kibali cha siri za juu kabisa, la sivyo hata mlangoni hapiti, na akishaingia humo ndani hakuna wa kusimama nyuma yake kuangalia anasoma nini. Marekani wenye kibali cha ngazi hiyo ni zaidi ya watu milioni 1. Siri ya watu milioni jamani, hiyo nayo tuiite siri?

Alianza kwa kuchapa maelezo kwenye kagrupu ka Discord, mtandao wa kuchati, ka washkaji wa magemu na bunduki, baadaye akaanza kubeba karatasi zenyewe hadi nyumbani anazipiga picha. Ukizitazama zile picha unaona mikunjo, kwamba karatasi ilikunjwa ikatoka nayo, alafu pembeni kuna gundi, kuna nelikata, chini kuna meza ya jikoni. Vitu vya pembeni ndo vilivyomponza, maana waandishi wa New York Times walivilinganisha na picha za familia yake zilizokuwa wazi mtandaoni, wakamtaja jina kabla FBI hawajafika kwao North Dighton kumkamata tarehe 13 Aprili 2023, katoka nje kavaa bukta nyekundu mikono iko kichwani.

Na mabosi wake walijua! Walishamkuta anachungulia yasiyomhusu, wakamuonya, wakaandika na memo, ila kibali hawakukigusa. Desemba mwaka huohuo wanajeshi 15 wakaadhibiwa kinidhamu. Yeye akakiri makosa Machi 2024, hukumu ikatoka Novemba. Hakulipwa na Urusi wala hakuwa na ajenda ya kuikomboa dunia, alitaka washkaji wajue kwamba yeye anajua, basi.

SWALI: Kila nyaraka zikivuja serikali husika inasema ni feki. Sasa sisi watu wa kawaida tumuamini nani?
Msomaji, Dodoma

JIBU: "Feki" ni jibu la bure, halihitaji ushahidi, ndo maana wote wanalikimbilia. Zile karatasi za Teixeira zilionyesha Marekani inasikiliza mazungumzo ya washauri wa rais wa Korea Kusini, rafiki yake wa damu, walipokuwa wanabishana kuhusu mabomu ya mizinga yasije yakaishia Ukraine. Ofisi ya rais Seoul ikasema nyingi zimeghushiwa. Karatasi nyingine ikasema Rais Sisi wa Misri aliagiza zitengenezwe kwa siri roketi hadi 40,000 za kupelekwa Urusi, Misri nayo ikakana. Lakini fikiria, ukishamkamata mtu ukamshtaki kwa kuiba siri zako, utasemaje tena kwamba ni za kutunga?

Ila usiende nayo moja kwa moja, maana feki nayo ilikuwepo kweli. Kuna ukurasa mmoja wa hesabu za waliokufa vitani, wa asili ulisema Warusi kati ya 35,500 na 43,000, ulipofika Telegram ukawa umechezewa, Warusi wamebaki 16,000 hadi 17,500 na Waukraine wamepandishwa hadi zaidi ya 60,000. Mhuni alichukua karatasi halali akabadilisha tarakimu tu, mihuri yote iko palepale. Aliyeona ya Telegram peke yake angejuaje? Ndo maana mhariri makini anatafuta nakala nyingine ya kitu hichohicho, anaangalia namba za kurasa na mtindo wa uandishi wa ofisi husika, na mwisho kabisa anaipigia ofisi yenyewe kabla hajachapa.

Na hapo kwenye kuuliza ndo penye hatari ambayo watu hawaisemi sana. Mwaka 2017 Reality Winner, mfanyakazi wa kampuni iliyokuwa na tenda kwenye shirika la ujasusi la NSA, alituma kwa posta ripoti ya wadukuzi wa Kirusi walioingilia mambo ya uchaguzi wa Marekani. Waandishi wa The Intercept, mtandao wa habari aliowatumia, wakataka kuhakiki, wakaionyesha serikali nakala yenyewe. Ikaonekana ina mkunjo, kwa hiyo iliprintiwa. Wakaangalia nani waliiprinti, wakakuta watu sita tu, na kati ya hao mmoja kompyuta yake ya kazini ilishawasiliana na hao waandishi kwa email. Alifungwa miaka 5 na miezi 3. Ukiniuliza mimi walimuuza bila kukusudia, na kwa chombo cha habari sijui kama kuna fedheha kubwa kuliko hiyo.

SWALI: Asalaam aleikum ndugu mwandishi. Haya mambo ya Wamarekani na Warusi sisi huku pwani yatuhusu nini?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Waaleikum salaam ndugu yangu. Yanakuhusu, tena wewe wa Kenya kuliko mimi. Mei 2014 karatasi za Edward Snowden, yule Mmarekani aliyefanya kazi NSA kwa mkataba akamwaga siri zao 2013, zilionyesha kwamba NSA walikuwa na mradi unaoitwa MYSTIC, na Kenya ilitajwa miongoni mwa nchi ambazo taarifa za simu za nchi nzima zinakusanywa, yani nani kampigia nani, saa ngapi, kwa muda gani. Ukimpigia shangazi Malindi, iko kwenye hesabu. Na hata hizi za Teixeira zilikuwa na maneno makali kuhusu Rais Ruto, yaliyodaiwa kusemwa na naibu katibu mkuu wa UN Amina Mohammed kwenye mazungumzo ya faragha na bosi wake Guterres. Kwa hiyo hata UN walikuwa wanasikilizwa.

Lakini ninayoipenda mimi ni ya zamani kidogo, ripoti ya Kroll. Serikali ya Kibaki ilipoingia iliwaajiri hao wapelelezi binafsi wafuatilie mali za utawala uliopita. Wakaleta ripoti ya kurasa 110, ikidai ndugu na watu wa karibu wa Moi wamehamishia nje zaidi ya pauni bilioni 1. Ikawekwa kabatini miaka. Agosti 2007 Moi akatangaza kwamba anamuunga mkono Kibaki kwenye uchaguzi wa Desemba, na siku chache tu baadaye ripoti ikatokea kwenye WikiLeaks, mtandao wa kuanika nyaraka za siri, na ukurasa wa mbele wa The Guardian kule London. Msemaji wa serikali wakati huo Alfred Mutua akaipuuza, akasema haijakamilika na ni ya kusikia sikia. Ripoti waliyoiagiza wenyewe! Kwa hiyo ukiona siri imetoka, swali la nani kaitoa lina maana yake, silikatai, ila siku iliyotoka nayo itazame.

SWALI: Oya, nimetumiwa PDF kwenye grupu la WhatsApp ina mhuri mwekundu wa SIRI, niifowadi?
Msomaji, Mbeya

JIBU: Hapana. Tanzania kuna Sheria ya Usalama wa Taifa ya 1970, Kenya wana yao ya siri za serikali, na kusema "na mi nilitumiwa tu" si kinga ya kukutoa mahakamani. Alafu mhuri mwekundu hata dogo wa stesheneri anatengeneza.

SWALI: Huku tuko jirani na Yemen, mambo ya vita tunayafuatilia sana. Mbona wale mawaziri wa Trump walioweka mpango wa vita kwenye grupu hawakufungwa na huyo kijana kafungwa?
Msomaji, Muscat

JIBU: Kwa wasioijua: Machi 2025 mshauri wa usalama wa taifa wa Marekani, Mike Waltz, alifungua grupu kwenye Signal, app ya meseji kama WhatsApp, la kujadili kuwapiga Wahouthi wa Yemen, waziri wa ulinzi Pete Hegseth yumo, makamu wa rais yumo, na kwa makosa akamuingiza Jeffrey Goldberg, mhariri mkuu wa jarida la The Atlantic. Mwandishi wa habari! Goldberg mwenyewe alidhani anachezewa. Tarehe 15 akaona meseji ya Hegseth kwamba mabomu ya kwanza yatasikika saa 7 na dakika 45 mchana kwa saa za kwao, akakaa kwenye gari lake nje ya supamaketi akisubiri, kufika saa 8 kasoro dakika 5 anafungua mtandao wa X anakuta milipuko Sanaa.

Mwanzoni alichapa habari bila ule mpango wenyewe. Wakubwa wakatoka kifua mbele, hamna siri yoyote pale, huyu mwandishi muongo. Kama hamna siri basi, siku mbili baadaye akachapa meseji zenyewe, saa ya ndege za F-18 kuruka, saa ya droni kufika. Walibaki wanabishana eti hayo ni "mpango wa vita" au ni nini. Waltz aliondolewa Mei mosi, siku hiyohiyo akapendekezwa kuwa balozi UN. Aliyeshtakiwa hakuna.

Wanasheria watakwambia kesi ni tofauti, Teixeira alikusudia na wale waliteleza, sawa. Ila kuna jingine: mkubwa ana kauli juu ya kipi kiitwe siri, dogo hana. Mkubwa akiropoka anasema haikuwa siri, yanaisha.

SWALI: Shikamoo. Nasoma uandishi wa habari mwaka wa kwanza, mwalimu katupa insha, "Snowden ni shujaa au msaliti". Naomba msaada.
Mwanafunzi, Dar es Salaam

JIBU: Marahaba mwanangu. Mwalimu wako namheshimu ila hilo swali linakupeleka kwenye tabia ya mtu, utajaza kurasa za hisia alafu upate C. Mtu mwenyewe yuko Moscow tangu 2013, kapewa na uraia wa Urusi 2022, na wanaomchukia hilo linawatosha. Anza na karatasi. Machi 2013 seneta alimuuliza mkuu wa ujasusi wa Marekani, James Clapper, hadharani na kamera zipo, je NSA inakusanya taarifa zozote za mamilioni ya Wamarekani? Akajibu hapana. Juni, kwa karatasi za Snowden, gazeti la The Guardian likachapa amri ya mahakama ya siri inayoitaka kampuni ya simu ya Verizon ikabidhi rekodi za wateja wake kila siku. Mei 2015 mahakama ya rufaa ikasema ule ukusanyaji haukuruhusiwa na sheria, na Juni bunge likabadilisha sheria.

Ukitaka na kisa cha kumchangamsha mwalimu, weka cha The Guardian: Julai 2013, baada ya serikali ya Uingereza kuwabana, wafanyakazi wa gazeti walishuka stoo chini ya ofisi yao London wakazisaga kompyuta zenye nyaraka za Snowden kwa grinda na drili, maafisa wawili wa ujasusi wamesimama wanaangalia, na wote mle ndani wanajua nakala ziko New York.

Alafu mrudie Clapper, tafuta alifanywa nini. Aliomba radhi kwa barua, akaendelea na kazi yake ileile hadi Januari 2017.