Kioo hakishiki nusu ya chini: endesha simu kwa kompyuta

Dada yangu wa Majengo, Dodoma, umeuliza kama simu yako ya Android, ambayo kioo kinaonyesha vizuri ila nusu ya chini haishiki, unaweza kuiendesha kwa kompyuta ya stationari yako. Inawezekana, tena bure. Tafadhali usimruhusu fundi afute chochote kabla hujajaribu.

Programu inaitwa scrcpy. Inakubali kuanzia Android 5, haihitaji kuruti simu (kufungua mamlaka yote ya mfumo wake) wala bando. Unachomeka waya wa USB, skrini ya simu inatokea kwenye kompyuta, unabofya kwa mausi na kuandika kwa kibodi. Waya uwe wa kupitisha data. Mwingi unaouzwa barabarani unachaji tu.

Ugumu uko mwanzoni, kwa sababu lazima uwashe Utatuzi wa USB, yaani ruhusa ya kompyuta kuiendesha simu kwa waya, ndani ya simu yenyewe. Nunua adapta ya OTG, kiunganishi cha kuchomeka vifaa vya USB kwenye simu, chomeka mausi, mshale utatokea. Ingia Mipangilio, Kuhusu simu, bofya Nambari ya muundo mara 7, kisha tafuta Chaguo za wasanidi programu, humo uwashe Utatuzi wa USB. Ukihamia kwenye kompyuta, simu itakuuliza kama unairuhusu, na hapo mausi umeshaichomoa. Kwa hiyo washa mapema skrini ijizungushe, ulaze simu upande uliokufa ukae kushoto, kitufe cha kuruhusu kiangukie panaposhika.

Programu nyingi za benki zitaonyesha weusi mtupu, zimewekewa ulinzi. Na kwa kuwa kompyuta hiyo inaguswa na wateja, ukimaliza zima utatuzi.