Umegeukwa kwenye Diplomacy? Usisuse kwanza

Pole ndugu. Unasema unacheza Diplomacy (mchezo wa ubao wa watu saba wanaogombea Ulaya kwa majeshi na mapatano) mtandaoni kama Austria, Mtaliano mliyeapiana amekunyang'anya Trieste na Vienna, umebaki na majeshi mawili na unataka kujitoa. Usijitoe. Kwenye mchezo huu kugeukana ni ruksa, mwenzio hajakuvunjia heshima. Ubaya ni kususa: majeshi yako yanabaki yamesimama tu bila amri, na jirani anajiokotea vituo (maeneo yanayohesabiwa kwa ushindi) vya bure. Hapo umewaharibia na wale wengine watano wasio na kosa.

Halafu bado una cha kuuza. Mshindi anahitaji vituo 18 kati ya 34, kwa hiyo wengine wanakuhitaji kumzuia Mtaliano asivifikie. Mwandikie Mrusi leo, kabla muda wa kutuma amri haujaisha: jeshi lako la Budapest limuunge mkono atoke Galicia aingie Vienna. Mimi niliwahi kubaki na Serbia peke yake (aibu iliyoje!), mechi ikaisha sare nami nimo, maana bila mimi ukuta wa kumzuia aliyekaribia kushinda ungebomoka.

Na huyo rafiki yako uliyemtaja, anayetaka muungane katika kila mechi ijayo, mkatalie. Huo ndio udanganyifu wenyewe.