Hiyo Discovery ya Ntinda

Mwanangu,

Asalaam aleikum. Ujumbe wako umenifika pamoja na zile picha nne. Unauliza: "Baba, nimepata Land Rover Discovery 3 ya 2008 hapa Ntinda, Kampala, dizeli, viti vya ngozi, shilingi milioni 38 za Uganda. Toyota Prado ya umri huohuo wananiitisha 70. Kuna ubaya gani nikiichukua?" Mama yako alipoziona picha alisema gari limependeza. Mimi nilivaa miwani nikaenda moja kwa moja kwenye picha ya dashibodi.

Muuzaji amekuandikia "kilomita 98,000 tu". Itazame tena ile saa ya mwendo. Namba kubwa ni za maili, vinamba vidogo vya ndani ndivyo vya kilomita. Gari hilo limetoka Uingereza, na hizo 98,000 ni maili, yaani karibu kilomita 158,000. Simwiti mwongo, huenda na yeye alielezwa hivyo alipolinunua. Lakini hizo kilomita 60,000 zilizofichika hapo ni sawa na kutoka Kampala kuja huku Arua na kurudi mara sitini.

Tena zimefichika mahali pabaya. Kitabu cha huduma cha injini hiyo ya lita 2.7 kinataka mkanda wa taimingi, ule unaooanisha mwendo wa valvu na wa pistoni, ubadilishwe kwenye maili 105,000 au miaka 7, kitakachotangulia. Kwa maili bado kidogo, kwa miaka ulishapitwa zamani. Muulize umebadilishwa lini, na risiti iko wapi. Akisema umebadilishwa, muulize na ule wa nyuma. Kuna mkanda wa pili mdogo nyuma ya injini, unaozungusha pampu ya dizeli, na mafundi wengi hawaugusi kwa sababu hauonekani. Ule wa mbele ukikatika njiani, valvu na pistoni hugongana, na hapo hutafuti tena mkanda, unatafuta injini.

Sasa nikujibu kwa nini ni bei ya chini. Wewe unadhani watu wa Kampala hawajui kitu kizuri. Wanajua sana. Mtu aliyelinunua likiwa bado na thamani alifurahia miaka minne, mitano, kisha taa zikaanza kuwaka kwenye dashibodi. Akaenda gereji, akaambiwa bei, akarudi nyumbani kufikiri. Akampa shemeji. Shemeji naye akafikiri. Zile milioni 32 unazoona umeokoa ni matengenezo ambayo watu wawili watatu wameyaahirisha, na yanamsubiri atakayekuwa na ufunguo.

Najua kwa sababu niliwahi kuwa na ufunguo huo. Unaikumbuka ile Range Rover ya kijani mliyoiita Ngamia? Ilikuwa ile ya miaka ya tisini yenye mifuko ya hewa badala ya springi. Kila asubuhi mliikuta imepiga magoti, mnacheka, mimi nikiwasha injini na kusubiri isimame mguu mmoja mmoja. Sikucheka. Mifuko ilikuwa imepasuka nyufa ndogo, hewa inatoka usiku kucha, na kompresa, ile pampu ya kuijaza hewa, inafanya kazi bila kupumzika mpaka ikaungua. Nilinunua kompresa ya mtumba, nayo ikaungua, kwa sababu nilitibu homa nikaacha malaria. Mwishowe niling'oa mifuko yote nikafunga springi za kawaida. Likasimama, lakini likawa linarusha watu kama lori la mchanga, na raha yote iliyonifanya nilinunue ikaishia hapo. Aliyeniuzia alikuwa ameniambia "ni sensa tu", yaani kidude kidogo cha umeme cha kupimia. Mwanangu, ukisikia neno "sensa tu", shika pochi yako.

Discovery 3 nayo inakaa juu ya hewa. Kwa hiyo usiliangalie mara moja. Mwombe aliegeshe jioni mahali tambarare, pima kwa futi ya fundi cherehani kutoka katikati ya tairi hadi ukingo wa bodi, pembe zote nne, andika. Asubuhi pima tena. Kona iliyoshuka ndiyo inayovuja. Kisha alinyanyue mpaka juu kabisa: likichukua muda mrefu huku kompresa inanguruma, nayo imechoka.

Ingia chini yake pia. Waingereza humwaga chumvi barabarani wakati wa baridi ili barafu iyeyuke, na chumvi hiyo inakula chasisi na paipu za breki. Juu rangi inang'aa, chini kumeoza. Chukua bisibisi, gonga. Bushi, zile raba za mikono inayoshika magurudumu ya mbele, zikiisha utaona tairi zimelika upande mmoja, na hilo si la kuogopa, ni la kupunguzia bei. Zulia la miguuni likiwa na unyevu ndilo la kuogopa. Maji ya mvua hupita kwenye mifereji ya dirisha la paa ikiziba, yakashukia nyaya, na gari lile lina kompyuta nyingi kuliko ofisi yako.

Kuna ugonjwa mmoja wa injini hiyo ambao sitakuficha. Beringi za krenki, ule mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni, huweza kuzunguka mahali pake na krenki ikakatika, hata gari likiwa linakwenda vizuri. Haiwapati wote. Ila fundi hawezi kukuahidi kwa kusikiliza tu. Kinachokusaidia ni historia ya oili, basi. Na turbo, ile feni inayosukumia injini hewa, ikifa, usishangae ukikuta gereji wamenyanyua bodi nzima kutoka kwenye chasisi, kwa sababu wengi hawaoni njia nyingine ya kupitisha mkono. Hesabu bei ya kazi hiyo kabla hujahesabu bei ya turbo.

Historia utaipata wapi? Uingereza kila gari likifika miaka 3 hupimwa kila mwaka, na matokeo yake, pamoja na maili za siku ile, yako kwenye tovuti ya serikali yao bila malipo. Unahitaji namba yake ya kule ya zamani tu. Mwombe muuzaji karatasi za kuingizia gari, namba itakuwemo. Ukiona mwaka mmoja maili zimerudi nyuma, umeshapata jibu lako ukiwa umekaa kitandani. Hakikisha namba ya chasisi ni ileile kwenye gari, kwenye kadi ya gari na kwa URA, mamlaka ya mapato, na jina la kwenye kadi ni la huyo unayemkabidhi pesa, si la "kaka yangu yuko Dubai". Na akikuambia limeshuka Mombasa mwaka jana, ondoka. Tangu sheria ya 2018 gari lenye miaka 15 au zaidi haliingii Uganda.

Kuhusu Prado: haina maajabu, na nozeli zake za dizeli nazo zinakufa ukiweka mafuta ya kwenye jerikeni. Lakini ikikufia Nebbi usiku, kijana wa pale atajua pa kuanzia, na soko la Kisekka hapo Kampala utapata spea yake mpya, ya mtumba na ya feki, utachagua mwenyewe. Discovery ikikufia Nebbi, utalala Nebbi. Kama unataka Toyota yenye starehe, tafuta Land Cruiser toleo la 100 yenye dizeli ya lita 4.2, silinda sita. Ni ghali kwa umri wake na watu hawaiachii hovyo.

Hata hivyo siwezi kukudanganya kwamba Discovery ni gari baya. Nilikaa nayo wiki mbili mjini Moyo, kaskazini huku, enzi nikiendesha magari ya shirika, msimu wa mvua. Unazungusha kile kitufe unachagua tope, linajinyanyua, linatembea. Maji ya sentimita 70 linapita. Nimeendesha Land Cruiser miaka mingi, na mgongo wangu bado unaikumbuka Discovery ile. Kwa hiyo ukiitaka kwa moyo, itake ukijua.

Ukiitaka, basi hivi. Usitumie milioni 38 zote kununulia. Mpe 28 kama mikanda haina risiti, na zile 10 ziweke kando kwa mwaka wa kwanza, usizinunulie rimu. Kwanza mikanda yote miwili, kisha oili ya giaboksi. Watakuambia ile giaboksi ya ZF haibadilishwi oili maisha yake yote. Wajerumani wenyewe walioitengeneza wanasema kati ya kilomita 80,000 na 120,000. Oili ya injini, ya kiwango kilichoandikwa kitabuni, kila kilomita 8,000, usingoje kipimo cha Uingereza, kule hakuna vumbi letu. Chujio la dizeli limwage maji mara kwa mara, na jaza kituo kimoja unachokiamini. Ukitoka kwenye tope, osha chini kabla ya kuosha juu, hasa kwenye breki za nyuma. Breki ya mkono ni ya umeme, na matope yakikauka mle utasikia inalia kama mbuzi.

Usilipe kitu bado, hata "kidogo cha kushikilia". Alhamisi usiku napanda basi, Ijumaa asubuhi niko Kampala inshallah na mashine yangu ya kusomea makosa. Mwambie huyo bwana asiliwashe siku hiyo mpaka nifike. Nitaanza kwa kuweka kiganja kwenye boneti. Nikiikuta ina joto, tutakunywa chai kwako halafu nitarudi zangu Arua.

Mama yako anakusalimu, anasema unywe maji.

Baba yako