Maswali ya Wasomaji: Kalenga Itembelewe Lini?

SWALI: Ndugu Mhariri, naishi Mbeya na ningependa kuwapeleka wanangu Kalenga, yalikokuwa makao ya Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani. Je, majira gani yanafaa?

JIBU: Ndugu msomaji, Kalenga iko karibu na mji wa Iringa, upande wa barabara iendayo Hifadhi ya Ruaha. Makumbusho yake, ambamo limehifadhiwa fuvu la Mkwawa lililorejeshwa kutoka Ujerumani mwaka 1954, hayategemei sana hali ya hewa. Kinachoitegemea ni matembezi ya nje. Kuanzia Desemba hadi Aprili mvua hunyesha, njia huwa na matope, na mahindi na nyasi zilizorefuka huweza kuyaficha mabaki machache ya ngome iliyotekwa na Wajerumani Oktoba 1894. Septemba na Oktoba ni miezi ya vumbi na jua kali. Kwa maoni yetu, nendeni mwishoni mwa Mei au Juni, wakati mvua zimekatika ilhali ardhi bado haijakauka. Julai pia inafaa, na ndio mwezi aliofariki Mkwawa, mwaka 1898, lakini watoto wavae masweta, maana baridi ya Iringa asubuhi haina mzaha.