Picha ndani ya hekalu la Tabo, bonde la Spiti

Unauliza kama picha zinaruhusiwa: hairuhusiwi, ndugu. Ndani ya hekalu la kale la Kibudha la Tabo, kaskazini mwa India, hupigi picha, hata ukizima flashi. Nje piga utakavyo. Nimefika pale na katazo liko wazi. Hekalu ni la mwaka 996, na michoro yake ya karne ya 10 na ya 11 imechorwa juu ya lipu ya udongo, kwa hiyo ni haki yao kuilinda. Viatu unaacha mlangoni. Ukumbini kuna giza, mwanga unashuka kutoka tundu dogo la paa, basi subiri macho yazoee ndipo utaziona sanamu za udongo zilizotokeza ukutani, juu ya vichwa vya watu. Usikimbie, hapo ndipo penye utamu wote.

Ila angalia njia. Ukitokea mji wa Shimla kupitia wilaya ya Kinnaur, mgeni asiye Mhindi lazima awe na kibali cha eneo la mpakani, na hutolewa katika mji wa Reckong Peo, huko Kinnaur. Njia ya kutokea mji wa Manali haihitaji hicho kibali, lakini inapita Kunzum, njia ya juu milimani, ambayo hufungwa na theluji majira ya baridi.